Sasa Bluu Iko Wapi?

Nilikuwa darasa la tatu, na mwalimu alikuwa ametuagiza tukachore ramani ya Tanzania nyumbani. Mipaka niliichora kwa penseli bila shida. Kilichonishinda ni Ziwa Victoria, kwa sababu ziwa linatakiwa liwe la bluu na kwetu hapakuwa na kalamu ya rangi hata moja. Kutoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, ziwa halionekani. Tulilijua kwa dagaa waliofika gulioni ndani ya magunia. Lakini bluu yenyewe nilijua inapokaa. Ilikuwa inatua kila siku kwenye njia ya kwenda shamba la pamba.

Alikuwa kipepeo mweusi, mdogo kuliko kiganja cha mtoto, mwenye doa la bluu kali kwenye kila bawa la nyuma. Kipepeo huyo hupenda ardhi tupu yenye jua. Hukaa katikati ya njia akiwa amekunjua mabawa, na mtu akikaribia huruka hatua chache mbele, akatua tena, akamsubiri. Siku moja mchana nilimvizia, nikamfunika kwa shati la shule. Nikalilaza bawa lake juu ya daftari, palepale penye ziwa, nikatema mate kidogo, nikasugua kwa kidole.

Karatasi ikapata doa la kahawia, kama majivu yaliyolowa. Nikasugua zaidi. Bawa likabaki jepesi, linapitisha mwanga kama ganda la kitunguu, na kidole changu kikajaa unga. Bluu haikuwa kwenye karatasi, haikuwa kidoleni, wala kwenye bawa haikuwepo tena.

Mama alikuwa anapalilia mistari miwili kutoka pale nilipokaa. Akaja na jembe mkononi, akatazama daftari, akamtazama kipepeo aliyekuwa bado anatikisa miguu. Nilijua nitachapwa. Hakunichapa. Aliniuliza tu, akiniita mwanangu kwa Kisukuma: "Ng'wanone, yeye hana tena, na wewe hukuipata. Sasa bluu iko wapi?"

Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Alirudi kwenye mstari wake.

Mama alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili, pamba ikiwa imeanza kutoa maua. Tulimzika nyumbani, kando ya baba aliyetangulia miaka mingi, upande wa mkunazi. Watu walikuja kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa miguu. Walilala uani kwetu kwenye maturubai, wakapika, wakaimba, wakatushika mikono. Siku matanga yalipokwisha, wazee walitukalisha chini sisi watoto wake watano, wakaleta vitu vyake mbele yetu ili vigawanywe.

Vilikuwa vichache, na vyote vilikuwepo. Vitenge na doti za khanga zilizokunjwa kwenye sanduku la bati. Jembe ambalo mpini wake ulikuwa umeshalika pale alipokuwa akilishika. Kibuyu cha maziwa, redio ndogo, simu ya vitufe. Mkeka mkubwa wa kulia chakula. Kigoda. Mama mdogo alikuwa akikitaja kila kitu kwa jina, na mzee mmoja akihesabu kwa vidole. Hakuna kilichopotea hata kimoja. Dada yetu mkubwa alichukua sanduku, kaka akachukua jembe, kitindamimba akapewa redio. Mimi nilipewa kigoda. Nilikipakia kwenye basi la kwenda Mwanza, ninakofanya kazi, nikakiweka sebuleni karibu na dirisha.

Usiku ule nilikaa nikikitazama, na swali la shambani likarudi kwa sauti yake. Vitu vyote vilikuwepo. Tulikuwa tumevihesabu mbele ya mashahidi. Mama mwenyewe alikuwa wapi?

Usingizi ulikuwa hauji, nikaanza kusoma habari za mabawa ya vipepeo. Sikuwa na sababu nyingine. Mtu aliyefiwa hushika kile kilicho karibu, na mimi nilichokuwa nacho ni swali ambalo marehemu aliniachia nikiwa na miaka tisa.

Kipepeo wangu wa njiani wataalamu humwita Junonia oenone. Bawa lake, kama mabawa ya vipepeo wote, limeezekwa: magamba madogo sana yamepangwa yakilaliana kama vigae juu ya nyumba, na kila gamba lina urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ule unga unaobaki kidoleni ukimshika kipepeo ni magamba hayo. Rangi zake nyingi, ile nyeusi, ya kahawia na ya njano, hutokana na chembe za rangi zilizomo ndani ya gamba, kama rangi ya kitenge ilivyozama kwenye uzi. Ukilisaga gamba la aina hiyo, rangi inabaki ndani ya unga. Bluu ina utaratibu mwingine kabisa.

Gamba limejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la panzi. Kitini hakina bluu ndani yake. Kikiwa chembamba hupitisha mwanga karibu kama kioo. Lakini upande wa chini wa gamba kuna utando mwembamba kupita kiasi. Mwanga wa jua ukiufikia, sehemu yake hurudi kutoka uso wa juu wa utando, na sehemu nyingine hupenya kwanza, ikarudi kutoka uso wa chini. Mawimbi hayo mawili hukutana yakiwa njiani kurudi. Yakikutana kilele kwa kilele, hutiana nguvu. Yakikutana kilele kwa bonde, huuana. Unene wa utando ndio unaoamua ni rangi ipi ipate nguvu na ipi izimwe, kwa sababu kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Wimbi la bluu lina takriban nanometa 450, na milimita moja ina nanometa milioni moja. Jambo hilohilo kila mtu amewahi kuliona: kwenye povu la sabuni mama akifua, na kwenye dimbwi la maji kituo cha mafuta, pale tone la dizeli linapotandaza upinde wa mvua juu ya maji machafu. Hakuna aliyepaka rangi lile dimbwi. Ni unene tu wa mafuta, na mwanga.

Jambo hili limewasumbua watu tangu zamani. Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke aliuweka unyoya wa tausi chini ya hadubini, akaona kwamba ukiloweshwa kwa maji, rangi zake zinazong'aa hupotea. Mwaka 1704 Isaac Newton, katika kitabu chake juu ya mwanga, akazihusisha rangi za tausi na wembamba wa vipande vya unyoya. Mimi nililowesha kwa mate. Na kwa kusugua nilivunja kile ambacho mate hayakukiharibu. Utando wote ulikuwa bado upo, kwenye daftari langu na kidoleni, kila chembe ya kitini, na kwa mizani usingepungua chochote. Kilichoondoka ni namna ulivyokuwa umekaa.

Nilichelewa sana kulijua jibu hilo. Mama, bluu haikuwa kitu. Ilikuwa mpangilio.

Kuna utafiti mmoja niliousoma mara nyingi kuliko mingine. Marekani anaishi ndugu wa kipepeo wetu, Junonia coenia, ambaye kwa kawaida ni wa kahawia. Mfugaji mmoja wa vipepeo alikuwa akiwachagua wale walioonyesha dalili kidogo ya bluu na kuwazalisha wao kwa wao, na kwa takriban vizazi 12 akapata kundi lenye mabawa ya bluu. Mwaka 2020, Rachel Thayer, Nipam Patel na mwenzao walichapisha walichokiona walipoyapima magamba ya kundi hilo. Hapakuwa na chembe mpya ya rangi. Ule utando wa chini ulikuwa umenenepa tu, kwa kiasi kisichofika nanometa 100. Unywele wa mtu una unene wa maelfu mengi ya nanometa. Kiasi kidogo namna hiyo ndicho kinachotenganisha kipepeo wa kahawia na kipepeo ambaye mtoto atamfukuza njia nzima.

Niliposoma hayo nilianza kumtafuta mama mahali tofauti. Niliacha kukitazama kigoda. Nikaanza kukumbuka alivyokuwa akipanga.

Jioni mama alitandika mkeka uani, mbali kidogo na mafiga ili moshi usitufuate. Baba alipokuwa hai, wanaume walikula peke yao penye shikome, moto wao wa jioni. Baada ya yeye kufa, mama alituita wote kwenye mkeka mmoja, wavulana kwa wasichana. Kila mtu alikuwa na pake, na pake palibadilika kulingana na siku ilivyokwenda. Mdogo kuliko wote alikaa kuume kwake, karibu na bakuli la mlenda. Waliogombana mchana walikalishwa bega kwa bega na kupewa kipande kimoja cha ugali wakigawane. Aliyetumwa mbali alikaa mahali pa kunawishwa wa kwanza. Mama hakueleza sababu. Alionyesha kwa kidole, nasi tukakaa.

Na upande unaoelekea njia kulikuwa na nafasi. Haikukaliwa na mtu. Ilitosha mtu mzima mmoja aliyekunja miguu. Ilikuwa nafasi ya mgeni. Njia ya kutoka kwetu kwenda gulioni ilipita hapo, na mtu yeyote aliyepita jioni tukiwa tunakula, mchunga ng'ombe, mwuza mkaa, mtu tusiyemjua, aliitwa: karibu chakula. Wengine walishukuru wakaendelea na safari. Wengine walikaa. Mwaka ambao pamba ilikataa na tulikula michembe kwa karanga usiku na mchana, nafasi ile iliachwa vilevile, kwa upana uleule. Kaka aliwahi kuuliza kwa nini tubanane ilhali kuna sehemu tupu. Mama akamjibu kwamba si tupu, ina mwenyewe, hajafika tu.

Sikujua wakati ule kwamba hilo ndilo lililoifanya nyumba yetu kuwa ilivyo. Nilidhani ni mazoea.

Katika siku za matanga tuligombana. Si kwa ajili ya vitu, maana hata sanduku hakuna aliyeling'ang'ania. Tuligombana kuhusu mama alikuwa mtu wa namna gani. Dada mkubwa alisema mama alikuwa mkali, mtu wa hesabu, aliyejua bei ya kilo ya pamba na uzito wa kila gunia kabla halijafika kwenye mizani ya chama cha ushirika. Kitindamimba akashangaa: mama huyo mkali ni yupi? Yeye alikuwa anaimbiwa kila usiku hadi amekuwa mkubwa. Kaka alikumbuka mcheshi. Mimi nilikumbuka mtu wa maneno machache aliyeuliza maswali na kuondoka. Tulipaza sauti, wazee wakatunyamazisha. Kila mmoja alihisi wenzake wanamzika mwanamke mwingine.

Kwenye mashamba yetu kuna kipepeo aitwaye Hypolimnas misippus. Dume ni jeusi, lina madoa sita meupe, na kila doa limezungukwa na mng'ao wa urujuani. Mng'ao huo hauonekani kutoka kila upande. Ukisimama pembeni unaona nyeusi na nyeupe tu. Sogea kidogo, au ngoja kipepeo ageuze bawa, urujuani unawaka ghafla. Pembe ikibadilika, umbali ambao mwanga unasafiri ndani ya tabaka za gamba unabadilika, na rangi inayotiwa nguvu inabadilika nao. Jike lake halina urujuani huo. Ni la rangi ya chungwa, limemwiga kipepeo mwingine, Danaus chrysippus, ambaye ndege humkwepa kwa uchungu wake. Utotoni tulidhani dume na jike ni aina mbili zisizojuana.

Watu wawili wakimtazama dume huyo kutoka pande mbili za njia, mmoja ataapa ana urujuani na mwingine ataapa hana, na wote wawili watakuwa wamesema walichokiona. Ndivyo tulivyokuwa sisi watano. Dada alizaliwa miaka ambayo kila senti ilikuwa na kazi, akasimama upande wa hesabu. Kitindamimba alizaliwa baba akiwa mgonjwa, na mama alimwimbia pengine ili ajiliwaze mwenyewe. Hakuna aliyesema uongo. Na mmoja wetu akifa, upande wake wa mama utakuwa hauna mtu wa kusimama. Hii ni hasara ambayo sikuwa nimeifikiria: kwamba mtu hafi mara moja. Kila anayemkumbuka akiondoka, pembe moja inafungwa.

Kwa hiyo tulifanya jambo dogo. Tulianza kusimuliana, kila mmoja akitaja alichokiona yeye bila kumsahihisha mwenzake. Dada alisikia nyimbo za kitindamimba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini. Alilia kuliko alivyolia kaburini.

Huko Amerika ya Kusini wapo vipepeo wakubwa waitwao Morpho, maarufu kwa bluu yao. Magamba yao yana matuta marefu, na kila tuta lina ngazi za kitini zilizopangwa juu ya nyingine, na kati ya ngazi na ngazi kuna hewa. Hewa hiyo ni sehemu ya ujenzi kama kitini chenyewe. Ukidondosha tone la spiriti juu ya bawa, spiriti inaingia mahali pa hewa, na bluu inageuka kijani mbele ya macho yako. Hujavunja kitu. Umejaza nafasi tu. Spiriti ikikauka, hewa inarudi, na bluu inarudi nayo.

Niliposoma hayo niliukumbuka mkeka. Baada ya mazishi, watu wema walitushauri tusiache pengo. Mtu akifa, walisema, msikae mkilitazama pengo lake, mtaugua. Mama mdogo alihamia kukaa pale mama alipokuwa akikaa, kwa mapenzi makubwa. Nasi watoto tukasogeleana ili tufarijiane, tukakaa duara lililobana, bega kwa bega, mkeka wote ukajaa. Chakula kilikuwa kingi. Kitindamimba hakuweza kula. Aliinuka mara mbili akaenda kusimama upande wa njia, akarudi, hakujua kinachomsumbua. Usiku ndipo alipomwambia dada: "Leo hakukuwa na nafasi ya mgeni."

Tulikuwa tumeijaza. Kwa huzuni yetu wenyewe tulikuwa tumeloweka kila kitu, mpaka ile rangi ya nyumba tuliyoijua ikageuka. Sikulaumu hata mtu mmoja. Wafiwa husogeleana, ndivyo walivyo, na wema wa waliotushauri nitaukumbuka siku zote. Nasema tu kwamba nafasi nyingine zina mwenyewe, na ukizijaza haraka hutaijua nyumba uliyokuwa ukiishi.

Vitenge vya mama vimeanza kupauka. Dada alivianika juani siku moja ili vitoke harufu ya sanduku, na kile alichokuwa akikivaa kwenda kanisani kimepoteza wekundu wake. Chembe za rangi huvunjwavunjwa na jua. Kila nguo tuliyoirithi inakwenda huko. Rangi ya mpangilio haina haraka hiyo. Ipo matunda ya mmea mmoja wa misitu ya Afrika, Pollia condensata, yenye bluu ya kung'aa kama shanga za chuma, na bluu hiyo nayo hutokana na tabaka zilizopangwa kwenye ukuta wa seli zake. Tawi lililochumwa Ghana mwaka 1974 limehifadhiwa Kew, London. Tawi lilikufa lilipokatwa. Watafiti walipochapisha habari zake mwaka 2012, matunda yale yalikuwa bado yanang'aa.

Kuna mfano wa zamani zaidi. Mahali paitwapo Messel, Ujerumani, wamechimbuliwa nondo waliokufa miaka milioni 47 iliyopita. Mwaka 2011 Maria McNamara na wenzake walieleza kwamba tabaka ndani ya magamba ya nondo hao zilikuwa bado zinaonekana, na kwa kuzipima waliweza kusema mabawa yao yalikuwa na mng'ao wa manjano yenye ukijani. Nondo hao wamebaki ndani ya mwamba. Mlima na maziwa vimebadilika tangu siku hizo. Utaratibu wa tabaka zao bado unasomeka.

Hasara kubwa ya kwetu haikuanzia kwenye familia yangu. Nchi hii yote ya Usukuma imewahi kufiwa. Mkoa wetu wa Simiyu ulitangazwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa chini ya Shinyanga, na Shinyanga ilikuwa imefikia hatua ya kuitwa jangwa la Tanzania. Miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o, ikakatwa kupisha pamba, ikakatwa kwa kuni na mkaa, na ng'ombe wakamaliza kilichochipua. Mama alikuwa akitusimulia kichaka cha utoto wake, akitaja miti kwa majina ya Kisukuma ambayo sisi hatukuwa na mti wa kuyaambatanisha nayo.

Wasukuma walikuwa na utaratibu wa zamani uitwao ngitili. Familia au kijiji hufunga sehemu ya ardhi wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili majani yawepo kiangazi kikali kikifika. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tuliouita HASHI, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mizizi na visiki vilikuwa bado hai ardhini, mbegu zilikuwa zimelala. Kilichokuwa kimepotea ni kanuni ya nani aingie, lini, na wapi pafungwe. Dagashida, baraza la wanakijiji, liliporudisha kanuni na kumtoza faini aliyeivunja, migunga ikasimama yenyewe.

Baba yangu mkubwa ana ngitili ndogo nyuma ya boma lake. Mwezi wa nne, baada ya matanga, nilikwenda kukaa humo asubuhi moja. Palikuwa na vipepeo weupe wa nyika wanaozunguka vichaka vya miiba, na kwenye njia ya wachungaji alikuwepo yule mweusi mwenye madoa ya bluu. Mashambani amekuwa haonekani kama zamani. Dawa tunayopulizia funza wa vitumba haichagui kiwavi wa nani. Humo ndani alikuwa amekaa juani kama tulivyoachana. Sikumvizia.

Lakini sitaki kujidanganya mbele ya msomaji. Mgunga una kisiki, mama hana. Nimekaa kando ya kaburi lake masika mawili sasa, na hakuna kilichochipua hapo isipokuwa nyasi. Sauti yake sitaisikia tena. Jibu nililolipata kwenye vitabu halikunirudishia chochote, na kuna usiku ambao ningetoa elimu yote ya mwanga nipate kuitwa ng'wanone mara moja. Bawa lile nililolisugua halikuwahi kuruka tena, hata baada ya mimi kujua bluu ilitoka wapi. Kujua mahali kitu kilipokuwa kinakaa hakukirudishi.

Kunasaidia jambo moja tu: kunatuonyesha cha kutunza. Tuliobaki tulikuwa tumeshika vitu, kila mtu na chake, kama mimi nilivyoshika unga nikidhani nimeshika bluu. Vitu vya marehemu vinagawanyika. Ukishachukua sanduku, mwenzako hana. Kupanga kwake hakugawanyiki hivyo. Sote watano tunaweza kuwa nako, na hakuna anayempunguzia mwingine.

Mwezi wa nane mwaka jana, pamba ikiwa imeshauzwa, tulikutana tena nyumbani. Nilikirudisha kigoda. Dada alitandika mkeka uani, mbali na moshi, akawakalisha wajukuu: mdogo kuliko wote kuume kwake, wawili waliopigania mpira bega kwa bega. Hakueleza sababu, alionyesha kwa kidole. Upande wa njia tuliacha nafasi ya mtu mzima mmoja aliyekunja miguu. Mtoto wa kaka, ambaye hakumjua bibi yake sana, akauliza hapo ni pa nani. Kitindamimba akamjibu kwamba ni pa mgeni, hajafika tu. Jioni ile hakupita mtu. Tulikula, tukanawa, tukakunja mkeka.

Kwako uliyefiwa, au utakayefiwa, nina ombi moja. Wazee watakapowaita kugawana vitu, gawaneni kwa amani, maana hilo nalo ni la lazima. Ila kabla ya siku hiyo, kaeni usiku mmoja, kila mmoja aseme alivyomwona kutoka upande aliokuwa amesimama yeye, na yeyote asikatizwe. Ulizaneni alikuwa akiwakalisha vipi. Ulizaneni ni nafasi gani alikuwa akiiacha wazi, na kwa ajili ya nani. Mkishaijua, iacheni wazi.

Nafasi ya mama yangu iko upande wa njia iendayo gulioni. Ukipita jioni ukatukuta tunakula, karibu.